Pulsa na Mwenzi Wake: Mchagua Jembe si Mkulima

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii yatufaa sana sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kila tunapokutana kujadili suala la lugha yetu na sayansi. Katika makongamano, semina na kurasa za majarida yetu, mjadala huu aghalabu huanzia kwenye istilahi na kuishia papo hapo kwenye istilahi. Je, tukope au tubuni? Tutafsiri au tutohoe? Majembe hupangwa, mipini hupimwa, kisha yote hurudishwa ghalani ilhali shamba limebaki magugu matupu.

Makala haya yanashikilia kwamba upungufu mkubwa wa Kiswahili katika uwanja wa sayansi si wa msamiati bali ni wa wasimulizi, na kwamba sisi watu wa fasihi ndio tunaodaiwa deni hilo. Ili hoja hii isibaki maneno matupu, nitaijaribu kwa mfano mmoja mgumu kutoka elimu ya nyota.

Chanzo cha mjadala

Mwaka uliopita nilikuwa nikiishi chumba kimoja na mwanafunzi mwenzangu wa uzamili, yeye akisomea fizikia. Jioni moja nilikuwa nikijitapa, kama ilivyo desturi yetu, kwamba Kiswahili kinaweza kueleza jambo lolote lililo chini ya jua. Mwenzangu alinikatiza. "Haya basi, ndugu yangu, tuyaache yaliyo chini ya jua. Nieleze yaliyo mbali nalo." Akataja kwa Kiingereza aina ya nyota anazozitafiti, zile ambazo katika makala haya nitaziita pulsa zenye wenzi, akanitaka nieleze huzaliwa vipi na huishia wapi. Alinipa dakika tano na sharti la kutochanganya ndimi.

Sikumaliza hata dakika moja. Lililoniuma halikuwa kukosa maneno ya Kiswahili. Lililoniuma ni kwamba hata kwa Kiingereza nisingeweza. Sikuwa na kisa cha kusimulia. Kesho yake nilikwenda maktabani nikaifungua Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990. Kazi hiyo ni hazina, na waliotoa jasho kuiandaa wanastahili heshima zetu. Hata hivyo, kamusi haisimulii. Humpa msomaji matofali, nyumba akajijengee. Ikanibidi niketi na vitabu vya fizikia kwa muda wa miezi minne, huku mwenzangu akinivumilia kwa maswali ya usiku wa manane.

Uhuru angani

Yamkini msomaji atauliza: nyota hizo zatuhusu nini sisi? Jibu linaanzia hapa hapa pwani ya Kenya. Mnamo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya miaka saba ya uhuru wetu, setilaiti ya Kimarekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walikuwa wamelisimamisha baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye anga za mbali. Msimamizi wa mradi huo, Bi. Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Jina hilo lilikuwa la kuienzi siku yenyewe na watu wa nchi iliyowakaribisha.

Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha ya vyanzo vya eksirei iliyotokana nayo ilifikia vyanzo 339. Miongoni mwa vyanzo hivyo, viwili vilibadilisha kabisa fikra za wanasayansi. Cha kwanza, Centaurus X-3, kilitoa miale kwa vipindi vya sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2.1 kilitoweka kana kwamba kimepita nyuma ya pazia. Cha pili, Hercules X-1, kilikuwa na vipindi vya sekunde 1.24, na kilitoweka kila baada ya siku 1.7. Maelezo yaliyofaa yalikuwa moja tu: hizo zilikuwa nyota ndogo mno, nzito mno, zinazojizungusha kwa kasi huku kila moja ikizungukana na nyota kubwa inayoikinga mara kwa mara. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Hivyo basi, neno la Kiswahili limekwisha kuingia katika historia ya taaluma hii kwa zaidi ya nusu karne, na wanafunzi wa fizikia duniani kote hulitamka. Lakini ni wangapi kati yetu tuwezao kusimulia Uhuru iliona nini? Jina ni letu. Kisa tumekiacha mikononi mwa wengine.

Kisa cha nyota mbili

Tuanze na pulsa yenyewe. Nyota iliyo na uzito unaozidi wa Jua letu takriban mara nane au zaidi huteketeza kuni zake upesi. Zikimwishia, kitovu chake hukosa nguvu ya kujihimili, kikaporomoka chenyewe kwa chenyewe, na tabaka za nje zikalipuka kwa kishindo kikubwa. Kinachosalia katikati mara nyingi ni nyota ya nyutroni: mpira wenye uzito wa takriban Jua moja na nusu uliobanwa hadi upana wa kilomita 20 hadi 25, yaani kama umbali wa kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi mji wa Kikuyu. Kijiko kimoja cha chai cha maada yake kina uzito wa zaidi ya tani bilioni moja.

Nyota hiyo changa hujizungusha kwa kasi, na nguvu zake za sumaku hurusha miale ya redio kutoka ncha zake. Kila mwale unapotupitia, mitambo yetu husikia mpigo. Mpigo wa kwanza kutambuliwa uligunduliwa mwaka 1967 huko Cambridge, Uingereza, na Jocelyn Bell, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamifu chini ya Antony Hewish. Ulijirudia kila sekunde 1.337. Kadiri miaka inavyopita, pulsa iliyo peke yake hupungukiwa na kasi, na baada ya makumi ya mamilioni ya miaka hunyamaza. Wanafizikia husema imeingia makaburini.

Je, ikiwa nyota hiyo haikuzaliwa peke yake? Hapa ndipo kisa kinapoanza. Nyota nyingi kubwa huzaliwa zikiwa mbilimbili, zikizungukana. Kati ya hizo mbili, iliyo nzito zaidi ndiyo huzeeka kwanza, kwa maana kadiri nyota ilivyo nzito ndivyo inavyoteketeza kuni zake kwa pupa. Inapozeeka huvimba, na tabaka zake za nje hufikia mpaka ambapo mvutano wa mwenzake unazidi wa kwake. Maada huanza kumiminika kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mkubwa hukonda, mdogo hunenepa, hata yule aliyekuwa mzito akawa ndiye mwepesi.

Kisha hutokea mlipuko. Kanuni hapa ni nyepesi kuielewa. Kama zilikuwa zikizungukana kwa njia ya duara na mlipuko ukawa sawa pande zote, nyota hizi zitabaki pamoja mradi mlipuko usipoteze zaidi ya nusu ya uzito wao wa jumla. Kwa kuwa anayelipuka amekwisha kumpa mwenzake sehemu kubwa ya mali yake, uzito unaopotea si mwingi kiasi hicho, na jamaa hawa huweza kubaki pamoja. Lakini mlipuko aghalabu hauwi sawa pande zote. Nyota ya nyutroni hupigwa teke linaloweza kuirusha kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na jozi nyingi huvunjika papo hapo. Ndiyo maana pulsa nyingi changa tunazoziona ni pweke. Za wenzi ni zile zilizosalimika.

Katika jozi iliyosalimika, pulsa hupunguza mwendo na huenda ikanyamaza kwa muda mrefu. Kisha zamu ya mwenzi kuzeeka hufika. Naye huvimba, na sasa maada humiminika kurudi kule ilikotoka. Maada hiyo haidondoki moja kwa moja. Hujikusanya ikawa sahani inayozunguka, ikapata joto la mamilioni ya digrii na kung'aa kwa miale ya eksirei. Hii ndiyo hatua ambayo setilaiti ya Uhuru iliinasa. Kila tone la maada linaloangukia nyota ya nyutroni huisukuma izidi kujizungusha, mfano wa mtoto anayeliendesha gurudumu kwa kulipiga vijikofi. Uchunguzi wa Centaurus X-3 ulionyesha kwamba kwa jumla kasi yake ya kujizungusha ilikuwa ikiongezeka.

Mwisho wa kisa hutegemea uzito wa mwenzi. Mwenzi akiwa mdogo, kama Jua letu au chini yake, humiminika polepole kwa mamia ya mamilioni ya miaka au zaidi. Nyota ya nyutroni hupata muda wa kutosha kuongezewa kasi, hata ikajizungusha mara mamia kwa sekunde. Mwenzi naye huishia kuwa nyota kibete nyeupe. Pulsa ya kwanza ya mwendo wa aina hiyo ilitangazwa mwaka 1982, nayo hujizungusha mara 642 kwa sekunde. Yenye kasi kuliko zote zinazojulikana ilitangazwa mwaka 2006, na hujizungusha mara 716 kwa sekunde.

Kwa muda mrefu maelezo haya yalikuwa dhana yenye nguvu iliyokosa shahidi wa macho. Mwaka 1998 alipatikana shahidi wa kwanza: nyota iliyokuwa ingali inanyonya maada kutoka kwa mwenzi wake huku ikitoa mipigo 401 ya eksirei kwa sekunde. Mwaka 2013 akapatikana wa pili, naye alikuwa na ushahidi mzito zaidi. Nyota moja katika kundi liitwalo M28, iliyokuwa ikifahamika kama pulsa ya redio, ilianza kutoa mipigo ya eksirei, na majuma machache baadaye ikaonekana tena ikitoa mipigo ya redio.

Mwenzi akiwa mkubwa, mambo huenda mbio. Huimeza nyota ya nyutroni ndani ya tabaka zake, na msuguano huzivuta mbili hizo zikaribiane sana kabla ya tabaka hizo kutawanyika. Kisha mwenzi naye hulipuka. Jozi ikisalimika mlipuko wa pili, zinabaki nyota mbili za nyutroni zinazozungukana kwa karibu mno. Jozi ya kwanza ya aina hii iligunduliwa mwaka 1974 na Russell Hulse, mwanafunzi wa uzamifu, pamoja na mwalimu wake Joseph Taylor, kwa kutumia darubini ya redio ya Arecibo huko Puerto Rico, ile iliyoporomoka mwaka 2020. Pulsa hiyo hujizungusha mara 17 kwa sekunde na humzunguka mwenzi wake kwa muda wa saa 7 na dakika 45. Kila mwaka muda huo hupungua kwa takriban sehemu 76 za milioni ya sekunde, kwa sababu jozi hiyo hupoteza nishati kwa njia ya mawimbi ya mvutano, sawasawa na nadharia ya Einstein inavyobashiri. Kwa kazi hiyo wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1993. Baada ya miaka takriban milioni 300 nyota hizo zitagongana.

Mgongano wa namna hiyo si ndoto. Tarehe 17 Agosti 2017 mitambo ya LIGO na Virgo ilinasa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi iliyo umbali wa takriban miaka milioni 130 ya mwanga. Darubini zikaelekezwa huko, na mwanga ulioonekana ukathibitisha kwamba migongano hiyo hufua elementi nzito, za jamii ya dhahabu na platini. Yamkini sehemu ya dhahabu iliyo katika pete ya bibi harusi wa Lamu au wa Kakamega ilifuliwa katika kifo cha jozi kama hiyo, kabla Dunia yetu haijaumbika.

Majina na maana

Sasa turudi kwenye majembe, maadam tumekwisha kulima kidogo. Kusimulia kisa hiki kumenifunza mambo manne kuhusu istilahi ambayo nisingeyajua kwa kukaa kwenye kamati.

La kwanza ni jina la jumla. Nilikuwa nimeanza na "pulsa jozi". Jina hilo linapotosha, kwani msomaji ataelewa kwamba ni pulsa mbili. Ukweli ni kwamba aghalabu pulsa ni moja tu, na mwenzi ni nyota ya aina nyingine. Kati ya pulsa zaidi ya 3,000 zinazojulikana, ni jozi moja tu ambayo wote wawili wameonekana wakipiga: ile iliyogunduliwa mwaka 2003 kwa darubini ya Parkes, Australia. "Pacha" nalo halifai, kwa sababu pacha hutarajiwa kufanana. "Mwenza" lina harufu ya mke mwenza na vijembe vya uani. Nimechagua "mwenzi", neno lisilodai usawa wala kufanana bali kuwa pamoja tu.

La pili ni "pulsa" lenyewe. Wapo watakaopendekeza "nyota mpwito" au "nyota mpigo". Naliona pendekezo hilo kuwa ni kutafsiri kosa. Nyota hii haipwiti. Haitanuki wala kusinyaa. Hujizungusha, na mwale wake hutupitia kama mwanga wa mnara wa taa unavyowapitia mabaharia. Afadhali tutohoe neno lisilotudanganya kuliko kubuni neno tamu lenye uongo ndani yake.

La tatu ni sarufi. Katika kisa kizima nilihofia tofauti kati ya miendo miwili: nyota kuzunguka kwenye mhimili wake na nyota kuzunguka nyingine. Kumbe lugha ilikuwa imenitangulia. Kirejeshi na mnyambuliko wa vitenzi, mambo tunayoyakariri kwa ajili ya mitihani, yalinipa "hujizungusha" na "huzungukana", na hakuna aliyechanganyikiwa. Kauli ya kutendana inazifaa nyota zenye wenzi kana kwamba iliundwa kwa ajili yao: huvutana, huzungukana, hupeana, hugongana.

La nne ni sitiari. Wanasayansi wa Kiingereza husema kwamba pulsa iliyoongezewa kasi imetumiwa upya, kama chupa kuukuu. Mimi nimependelea "pulsa iliyohuishwa", kwa kuwa ilikuwa imenyamaza na uhai wa mwenzi ukaipa sauti tena. Kinyume chake, ipo pulsa iliyogunduliwa mwaka 1988 ambayo miale yake inamteketeza taratibu mwenzi aliyeihuisha. Waingereza waliiita mjane mweusi, kwa jina la buibui jike anayemla dume wake. Ukilitafsiri jina hilo neno kwa neno, msomaji wa Mombasa hatamwona mdudu yeyote. Atamwona mama wa watu aliyekaa eda akiwa amevaa buibui. Sitiari haisafiri bila pasi. Ni kazi ya nani kuikagua mpakani kama si ya mwanafunzi wa fasihi?

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba jitihada hizi ni za bure, maadam fizikia nchini Kenya hufundishwa kwa Kiingereza na mtafiti atachapisha kwa Kiingereza. Siwapingi kuhusu uchapishaji. Lakini Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Na lugha rasmi isiyoweza kumsimulia raia yaliyotendeka juu ya bahari yake mwenyewe ni rasmi kwa jina tu. Isitoshe, Kenya ni miongoni mwa nchi nane za Afrika zinazoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi wa darubini kuu ya redio ya SKA. Darubini ya MeerKAT iliyoko Karoo, yenye masahani 64, ilizinduliwa mwaka 2018 na pulsa ni sehemu ya kazi yake. Je, mvuvi wa Ngomeni atasubiri hadi ajifunze Kiingereza ndipo aambiwe?

Wengine watasema tungoje kwanza istilahi zisanifishwe. Hawa ndio ninaowahofia zaidi, kwa sababu wanasikika kuwa na busara. Nao naomba niwajibu kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipomsimulia mwenzangu kisa hiki kwa mara ya kwanza, nilisema kwamba nyota iliyo nzito zaidi hulipuka ikiwa ingali nzito zaidi. Alitikisa kichwa. "La, ndugu yangu. Kama ingekuwa hivyo, ingepoteza zaidi ya nusu ya uzito wote, na wangeachana. Lazima kwanza iwe imempa mwenzake." Tazama alichokisahihisha. Hakusahihisha neno hata moja. Alisahihisha ufahamu wangu, na alifanya hivyo kwa Kiswahili, bila yeyote kati yetu kutanabahi. Hakuna kamati ya istilahi ambayo ingenionyesha kosa lile. Lilijitokeza kwa sababu nilithubutu kusimulia.

Isidhaniwe kwamba jambo hili ni geni kwetu. Mabaharia na wakulima wa pwani walikuwa na elimu ya nyota katika Kiswahili kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa. Walikiita kikundi fulani cha nyota Kilimia kwa kuwa kiliwaashiria majira ya kulima. Waliitambua Zuhura na Zohali. Elimu hiyo haikudumu kwa sababu ya kamusi. Ilidumu kwa sababu ilisimuliwa, ikapokezwa kutoka kwa nahodha hadi kwa mwanamaji, na kutoka kwa nyanya hadi kwa mjukuu.

Tamati

Kwa kuhitimisha, nina mapendekezo matatu kwa chama chetu. Kwanza, kila toleo la jarida hili litenge kurasa chache za usimulizi wa sayansi. Si orodha ya istilahi, bali kisa kizima chenye mwanzo, kati na mwisho. Pili, kila kisa kisomwe na mwanafunzi mmoja wa taaluma husika kabla ya kuchapishwa, ili tusije tukawa watamu wa lugha na wapotoshaji wa ukweli. Tatu, wahadhiri wetu waruhusu kazi kama hizi zihesabiwe katika kozi za tafsiri na za uandishi wa kubuni.

Natambua kwamba Jocelyn Bell na Russell Hulse walikuwa wanafunzi walipoyaona yale ambayo walimu wao hawakuwa wameyaona. Sisi hatudaiwi kugundua nyota. Tunadaiwa kisa tu. Na kama kuna anayeshuku kwamba kisa hicho kinawezekana, namwarifu kwamba nilipomaliza kukisimulia mara ya pili, mwenzangu alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza swali lililonikesha hadi alfajiri: katika jozi ile ya Parkes, mmoja hujizungusha mara 44 kwa sekunde, mwingine mara moja tu kwa karibu sekunde tatu, je, yupi ndiye kifunguamimba?

Ninaliacha swali hilo kwa msomaji, kwani jibu limo ndani ya makala haya. Atakayelipata atakuwa amekwisha kufikiri fizikia kwa Kiswahili, na hatahitaji kuhubiriwa tena kwamba inawezekana. Jembe tunalo, wapenzi wa Kiswahili. Twendeni shambani.